Kitabu kiko mezani, programu yangu inasema "hakuna". Nimekosea wapi?

BintiLangoni ameuliza:

Assalaam alaykum wenzangu, na hamjambo nyote.

Nianze na aibu yenyewe, swali litafuata.

Mimi ni mwanafunzi wa teknolojia ya habari, mwaka wa tatu, mzaliwa wa Lamu mjini, mtaa wa Langoni. Likizo hii nimekuwa nikiandika programu ya simu ya kutafutia vitabu katika katalogi ya maktaba moja ndogo huku kwetu. Ni programu huria, msimbo wote nimeuweka wazi tangu siku ya kwanza, makosa yangu yote yaonekane. Maktaba haina seva wala tovuti. Ina madaftari makubwa matatu ya kuandikwa kwa mkono, na jedwali la kompyuta ambalo mtu aliyekuwa akifanya kazi hapo zamani alilianza akaliacha njiani. Nimelimaliza mimi: miezi miwili, kila asubuhi baada ya chai hadi adhana ya adhuhuri, naandika jina la kitabu, mwandishi, mwaka, namba ya rafu. Vitabu elfu tatu na ushei. Vumbi lake bado nalikohoa.

Katalogi yote inakaa ndani ya simu, kwenye SQLite, hifadhidata ndogo isiyohitaji seva. Sikutaka itegemee intaneti kwa sababu waliowahi kuishi kwetu wanajua: ukisimama gatini mtandao upo, ukiingia vichochoroni baina ya kuta za mawe umekwisha. Tena faili lenyewe ni maandishi matupu, dogo kuliko picha mbili tatu za harusi.

Sasa Jumamosi iliyopita mkutubi akaniambia nilete simu niwaonyeshe watu. Walikuja kama kumi hivi, wakiwemo wanafunzi wa msingi, na ami yangu ambaye ni mvuvi na aliyekuja hasa kunipa moyo. Mezani pale palikuwa na kitabu cha uvuvi, kimewekwa tu, mtu alikuwa amekirudisha. Nikampa ami simu nikamwambia, tafuta chochote upendacho. Akaandika kwa kidole gumba, taratibu, herufi moja moja: *wavuvi*.

"Hakuna kitabu."

Akatazama simu. Akakichukua kile kitabu cha mezani, akakigeuza, akasoma jalada kwa sauti: uvuvi hivi na hivi. Akanitazama. "Mwanangu, hiki ni nini?"

Watu wakacheka, nami nikacheka nao kwa kukosa la kufanya. Kabla sijamaliza kucheka, mtoto mmoja akanyakua simu akaandika *ng'ombe*, na programu ikajifunga yenyewe. Ikapotea kabisa kwenye skrini. Huyo mtoto alidhani ameiharibu simu, akaanza kulia.

Natumia FTS5, ile sehemu ya SQLite ya kutafuta ndani ya maandishi. Nimesoma kwamba kuna kitu kinaitwa *porter* ambacho kinafanya neno lipatikane katika maumbo yake mbalimbali. Nimekiwasha. Hakuna kilichobadilika: *wavuvi* bado haipati *uvuvi*, na *vyombo* haipati *chombo*.

Je, kuna njia ya kuifanya programu ielewe Kiswahili, au ndiyo niwaambie watu waandike neno lilelile lililo kwenye jalada? Narudi chuoni baada ya wiki tatu na ningependa niiache ikifanya kazi.

---

msimbo_Malindi amejibu:

Wa alaykum salaam dada. Pole, na usione haya. Mimi ya kwangu ilikufa mbele ya mkuu wa idara, sembuse ami.

Nianze na ng'ombe kwa kuwa ni rahisi. FTS5 ina lugha yake ndogo ya kutafutia, na ile alama ya ritifaa haimo katika maneno inayokubali yakiwa wazi. Ukiipa *ng'ombe* hivihivi inatoa kosa la sarufi, na wewe hukulidaka lile kosa, ndiyo maana programu imejifunga. Kila neno analoandika mtu litie ndani ya alama za nukuu mbili kabla hujalipeleka, na ulidake kosa lolote litakalotokea. Lakini usiishie hapo. Baadhi ya simu zinaandika ritifaa iliyonyooka, nyingine zinaandika iliyopinda, na nusu ya watu hawaandiki yoyote, wanaandika *ngombe*. Ziondoe zote mbili, kwenye katalogi na kwenye neno la kutafuta, basi wote watakutana mahali pamoja.

Sasa *porter*. Hicho kimetokana na kanuni alizozichapisha Martin Porter mwaka 1980, na alizitunga kwa ajili ya Kiingereza. Kazi yake ni kukata mkia wa neno, kwa sababu Kiingereza hubadilika mkiani. Sisi majina yetu hubadilika kichwani: mvuvi, wavuvi, uvuvi, kitu, vitu, chombo, vyombo, wimbo, nyimbo. Umemwajiri kinyozi anayejua kukata mkia, nawe una shughuli ya kichwa.

Jaribu hivi. FTS5 ina njia nyingine inaitwa *trigram*. Inalikata neno herufi tatutatu: *wavuvi* inakuwa wav, avu, vuv, uvi. Ukitafuta kipande *vuvi*, itakuletea mvuvi, wavuvi na uvuvi, popote kipande hicho kilipo. Wewe, mtumiaji akiandika *wavuvi*, livue neno kiambishi cha mwanzo (m, wa, ki, vi, ma, mi, u na wenzao), halafu utafute kilichobaki. Masharti mawili. La kwanza, usivue kama zitabaki herufi chini ya tatu, la sivyo *kiti* na *mti* zote zinakuwa *ti*, na trigram haiwezi kutafuta kitu kifupi kuliko herufi tatu. La pili, trigram iliingia katika SQLite 3.34, Desemba 2020, na simu nyingi mikononi mwa watu zina SQLite ya nyuma ya hapo. Itakubidi programu ibebe SQLite yake yenyewe badala ya kutegemea ile ya simu. Itaongezeka uzito kidogo, si neno.

---

Mpita_Njia amejibu:

Si waandike tu Google?

---

msimbo_Malindi amejibu:

@Mpita_Njia Google inajua rafu ya tatu nyuma ya mlango, Langoni? Haya.

---

BintiLangoni amejibu:

@msimbo_Malindi shukran sana. Nimeifanya usiku kucha. Ng'ombe anapatikana, awe na ritifaa au hana. *Wavuvi* inaleta uvuvi. Nilifurahi mpaka nikamwamsha mama.

Asubuhi nikakaa kuijaribu kwa utulivu na furaha ikaingia maji. Nimeandika *tabu*, nikaletewa kila chenye neno *kitabu* au *vitabu* kwenye jina lake. Kitabu cha hesabu, kitabu cha mapishi, vitabu vya nini sijui, vyote ni tabu. (Najua wako walimu watakaosema programu haijakosea.) Halafu mdogo wangu akatafuta *paka*, akapata kitabu cha mipaka ya nchi za Afrika.

Na *waraka* nikiivua inabaki *raka*, wakati wingi wake ni *nyaraka*. Hiyo kwa bahati imefaulu kwa sababu *raka* imo kwenye zote mbili. Lakini *ulimi* na *ndimi*? Hapo sioni njia.

---

msimbo_Malindi amejibu:

Nimecheka peke yangu kwenye matatu mpaka utingo akanigeukia.

Kosa ni langu, nilikupa kisu bila ala. Usiitumie trigram kama mlango wa mbele. Weka faharasa mbili. Ya kwanza ni ya maneno mazima, kama ulivyokuwa nayo, lakini iwe na safu mbili: neno kamili, na neno lililovuliwa kiambishi. Kwenye bm25, ambayo ndiyo inapanga matokeo, safu ya neno kamili ipe uzito mkubwa. Hapo *tabu* kamili itatangulia, *kitabu* itakuja chini sana. Ya pili ndiyo trigram, na hiyo uiulize pale tu ya kwanza ikirudi mikono mitupu, na uwaambie watu waziwazi: "Sijapata hasa, labda ulitaka hivi." Watu wanasamehe programu inayokiri.

Kuhusu ulimi na ndimi, jicho na macho, jino na meno: yaandike kwa mkono kwenye jedwali dogo. Si mengi. Ukijaribu kutunga kanuni ya kila kitu utazeeka.

---

Bi_Mkutubi amejibu:

Mwanangu BintiLangoni, mimi kompyuta sizijui hivyo mnavyozijua, lakini nimekaa katika maktaba miaka mingi kabla ya kustaafu, na nimeyasoma haya yenu yote kwa miwani miwili. Mmeshughulika na vichwa na mikia ya maneno, vyema. Ila nimekwenda nikarudi kwenye ujumbe wako wa kwanza, pale uliposema umeandika nini: jina la kitabu, mwandishi, mwaka, namba ya rafu.

Mada iko wapi?

Ami yako alipoandika *wavuvi* hakuwa akitafuta jina la kitabu. Kitabu chenyewe hakukijua. Alikuwa akitafuta habari ya kazi yake. Ilitokea tu kwamba kitabu kile kimebeba neno *uvuvi* jaladani. Je, kama kingeandikwa jina jingine la kishairi, *Mawimbi* sijui nini, ndani yake mna nyavu na madema ukurasa hadi ukurasa? Ungekata viambishi mpaka kesho usingekipata. Msimbo wako hauna kosa kubwa hivyo. Katalogi ndiyo ina pengo, na pengo hilo umeliweka wewe ulipoamua safu zipi uandike na zipi uache.

Zamani tulikuwa na droo za kadi. Kitabu kimoja hakikuwa na kadi moja: kulikuwa na kadi ya mwandishi, kadi ya jina, na kadi za mada, pengine mbili au tatu. Na katikati yake tulitia kadi zisizokuwa za kitabu chochote, zimeandikwa *Tazama* au *Tazama pia*. "Utenzi: tazama pia Utendi." "Samaki: tazama pia Uvuvi." Hayo mnayoyaita jedwali la kuandika kwa mkono, sisi tuliyaita kadi za Tazama, na yalifanya kazi bila umeme. Rekodi za kompyuta zinazotumiwa na maktaba duniani, MARC, zimeyahifadhi hayohayo: mwandishi anakaa uga wa 100, jina la kitabu 245, mada 650. Nakwambia namba hizi kwa sababu iko siku maktaba yako itahamia kwenye mfumo mkubwa, na ukiwa umezipanga safu zako zilingane na hizo tangu sasa, hakuna atakayekaa tena miezi miwili kula vumbi.

La pili ni majina ya watu. Natumai hukufanya walivyofanya wengi, kulichukua jina la mwisho na kulitanguliza kama ndilo la ukoo. Shaaban Robert nimemkuta katika katalogi nyingine chini ya R, nyingine chini ya S, na msomaji aliyezoea moja akienda kwenye nyingine anaambiwa hayupo. Sisi wengi jina la pili ni la baba tu. Liache jina lisomeke kama mwenyewe alivyoliandika, na programu itafute katika kila kipande chake. Kisha Mohamed, Mohammed, Muhammad, Abdalla, Abdallah, Khadija, Hadija. Hao nao wape kadi za Tazama. Usiseme utafute kanuni ya kufuta herufi h, utaniharibia *dhahabu*.

La tatu dogo. Programu ikimwambia mtu "896.392" imemwambia nini? Mimi najua kuwa hiyo ni fasihi ya Kiswahili katika mpango wa Dewey wa kupanga vitabu kwa namba, na kwamba ukiongeza 1 mwishoni ni ushairi, 2 tamthilia, 3 hadithi na riwaya. Ami hajui, wala hana haja ya kujua. Mwandikie: "Chumba cha ndani, rafu ya pili kutoka dirishani." Namba iache chini yake, kwa herufi ndogo, kwa ajili ya mkutubi.

Ushauri wangu: chukua kidaftari, kaa karibu na meza ya mkutubi siku tatu, uandike maneno yaleyale watu wanayotamka wanapoingia. Usiyasahihishe.

---

mwalimu_Faza amejibu:

Naunga mkono Bi_Mkutubi, na kwenye kidaftari hicho utakutana na jambo jingine. Watoto wangu huku wakiandika wasemavyo nyumbani, *njia* ni *ndia*, *njaa* ni *ndaa*, *macho* ni *mato*, *moja* ni *moya*. Shuleni nawasahihisha, ndiyo kazi yangu, lakini maktaba si mtihani. Programu ya Lamu inayomwambia mtu wa Lamu kwamba *mato* haipo, mimi sitaitaka kwenye simu yangu. Na tenzi zetu za zamani zimeandikwa kwa lugha hiyohiyo. Ule wa Mwana Kupona, wa mwaka 1858, utaukuta umeorodheshwa kama *utendi* mahali na *utenzi* mahali, tena jina la mwenyewe pengine limeandikwa neno moja, pengine mawili.

Usigeuze kila *nd* kuwa *nj*, ukifanya hivyo *ndizi* itakuwa kitu cha ajabu. Kadi za Tazama tu. Nikipata wasaa nitakuandikia mia moja za mwanzo. Niambie tu nizitume kwa namna gani, maana hiyo Git yenu ya kutunzia msimbo mimi siiwezi.

---

leseni_kwanza amejibu:

Nimeingia kwenye ghala lako la msimbo kabla ya kujibu. Umeandika "programu huria" kwa herufi kubwa juu kabisa, lakini hakuna faili la leseni. Msimbo uliowekwa hadharani bila leseni si huria, haki zote bado ni zako kisheria, na mtu mwaminifu atakayetaka kuutumia ataogopa. Weka leo. Mimi ningechagua GPL toleo la 3: yeyote atakayeichukua na kuisambaza, hata akiibadilisha, itabidi atoe na msimbo wake chini ya masharti yaleyale. Ndiyo leseni ya Koha pia, mfumo wa maktaba ulioanzia New Zealand mwaka 1999, kwa maktaba za wilaya moja ya mashambani, Horowhenua. Mfumo waliokuwa nao ulikuwa unazeeka na mwaka 2000 unabisha hodi, wakaajiri kampuni ndogo iwaandikie mpya, halafu wakaamua kuutoa bure. Neno *koha* kwa Kimaori ni zawadi. Nalitaja kwa sababu hawakungoja uwe mkubwa ndipo wautoe.

Jambo jingine, hili ni zito. Nimeona kwenye msimbo umeanza sehemu inayoitwa "waazimaji", yenye jina, namba ya simu na kitabu alichochukua mtu. Iondoe. Katalogi inakaa ndani ya simu ya kila mtu, kwa hiyo na orodha hiyo itakaa ndani ya simu ya kila mtu. Kuna Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019, lakini hata bila sheria, unaijua Lamu kuliko mimi. Mtu akiazima kitabu cha mambo ya talaka asubuhi, kufika magharibi mabaraza yote yamekwisha kumtaliki.

---

BintiLangoni amejibu:

Nimekaa kimya siku tisa, mnisamehe. Nilikuwa maktaba.

Bi_Mkutubi, ujumbe wako niliusoma nikakasirika kidogo, nakiri. Miezi miwili ya kuandika, halafu naambiwa pengo nimeliweka mwenyewe. Kesho yake nikaenda nikayafungua yale madaftari matatu nikiwa na nia ya kuthibitisha kwamba mada hazikuwamo, kwa hiyo si kosa langu.

Zimo.

Hazimo kwenye safu, ndiyo sababu sikuziona. Safu ni nne, zimechorwa kwa rula, na ndizo nilizoziandika. Lakini pembezoni, upande wa kulia karibu na mshono, kuna maandishi ya penseli, madogo, ya mkono mmoja tangu daftari la kwanza mpaka katikati ya la pili. Mahali pengine yamefifia ikabidi niinamishe ukurasa kwenye mwanga wa dirisha. Pembeni ya kile kitabu cha mezani, kile kilichoniaibisha, pameandikwa: *nyavu, mishipi, dema, jarife*. Pembeni ya kitabu kingine ambacho jina lake halina hata herufi moja inayohusiana na bahari: *kuunda majahazi, mbao, kalafati*. Kwa miezi miwili nilikuwa nikiyaruka maandishi hayo nikidhani ni michoro ya mtu aliyechoka. Mkutubi wa sasa anasema aliyeyaandika alikuwa mfanyakazi wa zamani, alishahama, na kazi yake ilikuwa kukaa mlangoni. Maneno waliyomuuliza watu ndiyo aliyokuwa akiyaandika. Kidaftari chako, Bi, kumbe kilikwisha andikwa.

Basi nimeyaandika yote. Nimeongeza uga wa mada, nimeuita 650 kwa heshima yako. Kuanzia katikati ya daftari la pili penseli inakoma, na hapo nimeanza kukaa mezani mwenyewe. Siku ya kwanza neno lililoulizwa mara nyingi kuliko yote lilikuwa "past paper", ambalo sikulitegemea na ambalo halimo kabisa katika maktaba. Siku ya pili alikuja mama mmoja akauliza "kitabu cha maneno ya harusi". Nimeliandika hivyohivyo. Bado sijui alitaka mashairi au mapatano.

msimbo_Malindi, faharasa mbili zinafanya kazi. *Tabu* sasa inaleta vitabu viwili tu vya tabu ya kweli, kisha chini kwa unyonge ndiyo vinafuata vile vingine. *Paka* bado analeta mipaka mwishoni kabisa, nimemwacha, mdogo wangu amempenda. Mwalimu wa Faza, kadi zako themanini na sita nimezipokea kwa picha, za mkono wako, nami nimeziingiza moja moja. *Mato* inaleta macho. Nimeongeza zangu za Langoni. Leseni_kwanza, GPL imewekwa, na "waazimaji" nimeifuta yote, hata kwenye historia ya msimbo ambako ilinichukua usiku mzima kujua inafutwaje.

Leo asubuhi nikampelekea ami simu, gatini, alikuwa akishusha. Mikono ina magamba, akaniambia niandike mimi. Nikamwambia hapana. Akajipangusa kwenye msuli, akaandika, si *wavuvi* safari hii. Akaandika *jarife*.

Ikaja. Jina la kitabu, na chini yake: "Chumba cha mbele, rafu ya kwanza mkono wa kushoto." Hakusema kitu, lakini nilimwona akivaa viatu. Tukapanda wote mpaka maktaba.

Rafu ya kwanza, mkono wa kushoto: nafasi tupu upana wa vidole viwili. Kimeazimwa tangu Jumatatu. Nilipofuta "waazimaji" nilifuta kila kitu, na sasa programu haina namna ya kujua kitabu kiko ama kimetoka. Ami ameniuliza ni ipi afadhali, ile iliyosema hakuna na kipo, au hii inayosema kipo na hakuna.

Nirudishe nini, bila ya kurudisha majina?

---

Bi_Mkutubi amejibu:

Neno moja tu, mwanangu: NJE. Mkutubi aliwashe kitabu kikitoka, alizime kikirudi, na tarehe ya kurudishwa ikae pembeni yake. Jina la aliyechukua libaki kwenye daftari la mezani, nalo lifungiwe droo.

Na huyo ami umwekee kitabu chake kikirudi. Andika kikaratasi ukitie ndani ya daftari, hiyo haihitaji programu.